Maswali ya Wasomaji: Hata Lini, Ee Bwana?

Barua za mwezi huu karibu zote zimeuliza jambo lile lile kwa njia tofauti: mtu anaamini, anasali, na bado mambo hayaendi. Tumechagua sita. Nyingine tumezifupisha.

Tumsifu Yesu Kristo. Mwaka jana nilipunguzwa kazi kiwandani. Tangu hapo nikipiga magoti maneno hayaji, inakuja hasira tu. Niliambiwa kwamba kumlalamikia Mungu ni kukufuru, basi nimeacha kusali kabisa. Nifanyeje?
*Baba wa watoto watatu, Morogoro*

Milele amina, na pole kwa kazi. Aliyekuambia hivyo amekosea. Karibu theluthi ya Zaburi zote ni malalamiko, na nyingi ziliimbwa katika ibada mbele ya watu. Anayekufuru amempa Mungu kisogo. Anayelalamika bado amemwelekea, hata kama sura imekunjwa.

Anza na Zaburi 13. Ina mistari 6 tu, na ndiyo rahisi kujifunzia kwa sababu viungo vyake vinaonekana wazi. Mistari miwili ya kwanza ni shitaka: "hata lini" imerudiwa mara nne, na Mungu anaambiwa usoni kwamba amesahau. Wa tatu na wa nne ni ombi lenye sababu zake. Miwili ya mwisho ni tumaini. Chukua daftari la mtoto, ugawe ukurasa sehemu nne: kumwita, kushitaki, kuomba, kutumaini. Andika sentensi mbili tatu kila sehemu, kisha zisome kwa sauti. Sauti ni muhimu. Maneno yakibaki kichwani yanazunguka pale pale usiku kucha, lakini ukiyatamka yana mwanzo na mwisho. Dakika 15 zinatosha, mara mbili au tatu kwa wiki, asubuhi au jioni mapema. Usifanye ukiwa umeshapanda kitandani, utaamka na hasira saa nane za usiku.

Watu hukwama mahali pawili. Kwanza, shitaka linakuwa la jumla: "Bwana, hali ni ngumu." Hilo halimgusi hata anayelisema. Andika vitu kwa majina yake: tarehe uliyopewa barua, ada ya mtoto wa pili iliyobaki, rafiki wa kazini asiyepokea simu zako. Pili, na hili ndilo tunaloliona zaidi, mtu anarukia mstari wa 5 kabla hajamaliza wa 2. Amezoea ibada ambayo machozi yakianza tu, kwaya inapandisha pambio. Ukiona sehemu ya nne haina cha kuandika, iache wazi. Soma Zaburi 88: inaanza kwa kilio na inaishia gizani, hakuna hata mstari mmoja wa shukrani mwishoni. Waliokusanya Zaburi wangeweza kuongeza "amina, asifiwe" hapo chini, nao hawakuongeza.

Jumapili nenda, hata kama huimbi. Ukikaa benchi la nyuma na kunyamaza, wengine wanashika imani kwa niaba yako kwa muda. Hiyo ni mojawapo ya kazi za kanisa.

Bwana asifiwe. Nina diploma ya uhasibu na huu ni mwaka wa tatu bila kazi. Ukutani nimebandika Yeremia 29:11, kwamba Mungu ananiwazia mema. Kila Januari naambiwa "huu ni mwaka wako." Kusudi langu liko wapi?
*Kijana, Nakuru*

Usiubandue huo mstari, ila bandika na jirani zake. Hiyo ni barua. Yeremia aliituma kutoka Yerusalemu kwenda Babeli, kwa watu waliochukuliwa mateka pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 kabla ya Kristo. Mstari wa 10, mmoja tu kabla ya ule wako, unataja muda: miaka 70. Maana yake wengi waliosikia barua ikisomwa wangezikwa huko huko. Kisha rudi sura ya 28 ukutane na Hanania, nabii aliyetangaza hadharani kwamba yote yatakwisha ndani ya miaka 2. Huyo ndiye babu wa "huu ni mwaka wako." Yeremia alimwita mwongo, na kabla mwaka haujaisha Hanania alikuwa amekufa.

Sasa, mateka waliambiwa wafanye nini katika miaka hiyo? Mstari wa 5 na wa 7: wajenge nyumba, wapande bustani, wautakie amani mji ule na kuuombea. Hawakuambiwa watafute kusudi kubwa lililofichwa. Waliambiwa washike kazi iliyo karibu na mkono, katika mji wasioupenda. Kwa hiyo swali tungeligeuza: katika mtaa wako, ni hesabu ya nani imevurugika na wewe unaweza kuinyoosha?

Kwa diploma yako jibu si gumu. Chama cha akina mama kinachoandika akiba kwenye karatasi za kubomoka, duka la mtu asiyejua kama anapata faida, mfuko wa ujenzi wa kanisa. Chagua kimoja. Jitolee asubuhi mbili kwa wiki kwa miezi 3, na sema mapema kwamba ni miezi 3. Hapa ndipo vijana wengi huumia: wanaanza kama wajitoleaji na mwaka wa pili bado wanaitwa "yule kijana wetu wa komputa" bila hata nauli. Muda ukiisha, omba barua inayotaja ulichofanya kwa vipimo: ulifunga hesabu za miezi mingapi, za wanachama wangapi. Omba na namba ya mtu atakayethibitisha. Barua hiyo itaingia kwenye wasifu wako mahali palipokuwa na pengo la miaka mitatu. Kuanzia mwezi wa nne, omba malipo au ondoka kwa amani.

Na bustani tunaimaanisha kama ilivyoandikwa. Gunia moja, udongo sehemu mbili kwa samadi moja, nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini, na miche ya sukuma wiki juu na kwenye matundu ya ubavuni. Ikishika, wiki kama sita baadaye unaanza kuchuma. Kosa la kawaida ni kumwagilia juu juu tu bila kupitisha maji kwenye kokoto: miche ya juu inaoza na ya chini inakauka. Mtu aliyekaa muda mrefu bila kazi anahitaji kitu kinachomdai aamke asubuhi.

Shikamooni. Nilikopa laki mbili za kausha damu, mkopo wa riba kubwa, nimuuguze mama. Nikakopa kwingine kulipia ile, na juu yake kuna mikopo ya simu. Mhubiri mmoja amesema nipande mbegu ya elfu hamsini ili mnyororo wa madeni ukatike. Nikope tena hiyo hamsini?
*Mama lishe, Mbeya*

Marahaba. Usikope, na hiyo hamsini usiitoe hata ukiipata bila kukopa. Fungua 2 Wafalme 4, mstari wa 1 hadi wa 7. Mjane ana deni, na mdai amekuja kuchukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii Elisha hakumwomba sadaka. Alimuuliza ana kitu gani nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta. Akaambiwa aazime vyombo kwa majirani, ajaze, auze, alipe deni, na kinachosalia wale yeye na watoto wake. Muujiza upo, lakini angalia na utaratibu uliouzunguka: kuhesabu kilichopo, majirani, soko, mdai analipwa, chakula kinabaki. Nabii hakuondoka na kitu.

Leo usiku andika kila deni kwenye mstari wake: unadaiwa na nani, ulichukua kiasi gani, umesharudisha kiasi gani, riba na tarehe. Uchungu wa ukurasa huo ni wa saa moja. Tuseme ile laki mbili ina riba ya asilimia 20 kwa mwezi: unalipa elfu arobaini kila mwezi, na ndani ya miezi mitano umetoa laki mbili kamili huku deni lenyewe halijapungua hata shilingi. Ndiyo maana kukopa ili kulipa riba hakufiki mwisho. Deni lenye riba kubwa zaidi ndilo la kulipa kwanza, hata kama mwenye deni dogo ndiye anayepiga kelele.

Nenda kwa mdai kabla ya tarehe, si baada yake, na usiende peke yako: mchukue mzee wa kanisa au mjumbe mwenye kauli. Omba jambo moja, kwamba kila unacholipa kuanzia sasa kipunguze deni lenyewe, na liandikwe, msaini wote. Muulize pia leseni yake. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji wa namna hii anatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Asiyekuwa nayo mara nyingi hulegea akiulizwa mbele ya shahidi. Kama ameshika kadi yako ya benki au kitambulisho, mweleze mtendaji wa kata.

Halafu hesabu chupa yako ya mafuta. Wewe nawe unadaiwa na wateja wanaokula kwa daftari? Wapitie wiki hii. Funga daftari mpaka mwisho wa mwezi, wote wale kwa fedha taslimu. Utapoteza wateja wachache, hasa wale wasiolipa. Kama uko kwenye VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, uliza mfuko wa jamii kabla ya kuomba mkopo. Ugonjwa wa mama ni jambo ambalo mfuko huo uliwekewa.

Nimefiwa na mume, huu ni mwezi wa tatu. Kila anayekuja ananiambia "Mungu ana makusudi." Najaribu kuyaona, siyaoni. Imani yangu ni ndogo?
*Mjane, Bukoba*

Pole sana, mama. Hapana, si ndogo. Hao wanakusudia Warumi 8:28, lakini mstari huo unasema Mungu hufanya kazi katika mambo yote kuwapatia mema wampendao. Hausemi kila jambo ni jema, wala kwamba mjane anapaswa kueleza sababu ya msiba kabla miezi mitatu haijaisha. Mistari miwili nyuma yake, Roho mwenyewe anaugua kwa namna isiyotamkika. Yesu alijua atamfufua Lazaro muda mfupi baadaye, na bado alilia kabla hajafika kaburini. Rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku 7, walipokaa naye chini kimya. Walipofungua mdomo kueleza sababu ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu.

Atakayekuja na neno hilo tena, mpe kazi. Jumuiya nyingi huwa na watu tele mpaka matanga yanaanuliwa, kisha zinatawanyika, hasa kwa kutojua wafanye nini. Mmoja akusindikize kufuatilia cheti cha kifo RITA, wakala wa serikali wa usajili. Mwingine akae na watoto siku ya kikao cha familia, maana mahakamani utahitaji muhtasari wa kikao hicho uliosainiwa ili mirathi ifunguliwe. Wa tatu alete chakula kilichopikwa kila Alhamisi, kwa mwezi mzima. Ombi lenye siku na jina hutekelezwa. "Mnikumbuke" huishia kwenye maombi.

Nimeombewa presha, nikajisikia mwepesi, nikaacha dawa. Nimekosea?
*Msomaji, Mombasa*

Ndiyo, ukiacha bila daktari. Presha mara nyingi haina dalili, kwa hiyo kujisikia mwepesi si kipimo. Rudi kliniki upimwe leo, na ueleze ni siku ngapi umekosa dawa. Nabii Isaya alimtangazia mfalme Hezekia kwamba atapona, kisha akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu (2 Wafalme 20:7). Neno na dawa vilifika siku moja. Hayo hayo kwa dawa za kisukari, kifafa na ARV.

Sina tena sababu ya kuishi. Nimemwomba Mungu anichukue.
*Bila jina, bila mahali*

Ndugu yetu, au dada yetu, kabla hujamaliza kusoma jibu hili mpigie mtu mmoja umwambie maneno hayo hayo uliyotuandikia. Usiyapunguze makali. Usilale peke yako leo. Kama ndani kuna sumu ya kunyunyizia mimea au dawa nyingi, mpe mtu azitoe nyumbani kabisa. Kesho asubuhi uende hospitali ya wilaya na msindikizaji, uulizie huduma ya afya ya akili. Kama unahisi huwezi kungoja asubuhi, nenda sasa hivi. Hospitali hupokea dharura usiku.

Ombi lako liko katika Biblia. Eliya aliliomba chini ya mretemu, 1 Wafalme 19. Alikuwa amemwacha mtumishi wake Beer-sheba akaingia jangwani peke yake, na hapo ndipo hali ilipozidi. Mungu hakumkemea na hakumhubiria. Malaika alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili ale zaidi, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake. Mazungumzo yalikuja baada ya siku 40, na ndani yake mlikuwa na kazi ya kufanya, mtu wa kumsaidia, na habari kwamba hakuwa peke yake: walikuwapo watu 7,000.

Kwa hiyo usijilazimishe leo kuona maana ya maisha. Kula, hata uji. Lala mahali penye mtu. Daktari akikuandikia dawa za sonona, nyingi huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu. Wengi huziacha siku ya kumi wakidhani hazifanyi kazi. Mwombe yule uliyempigia simu awe anakuuliza kila jioni kama umemeza.