Mende wanaokula miti na mchwa: nani anaharibu mbao zangu?

Swali (Kampemba, Lubumbashi): Nimeinua mbao za paa zilizolala chini tangu mvua ianze. Ndani mna wadudu weupe, katikati ya mbao mna mende. Nasikia kuna mende wanaokula miti. Nipulize dawa gani?

Jibu: Wanaokula mbao zako ni wale weupe, yaani mchwa. Mende wamejificha tu, kwa sababu wanapenda upenyo wenye giza na unyevu. Mende wa kula miti wapo kweli, jenasi ya Cryptocercus, lakini makao yao ni Marekani na Asia ya mashariki, ndani ya magogo yaliyooza. Hawana mabawa. Baba na mama hulea watoto pamoja ndani ya gogo na kuwalisha majimaji kutoka utumboni mwao, yenye vijidudu vya kumeng'enya mti. Mchwa wengi wa mbao hulishana hivyohivyo, na uchunguzi wa DNA wa mwaka 2007 uliwaweka mchwa ndani ya oda (kundi kubwa la wadudu) ya mende.

Undugu huo usikupotoshe kwenye dawa. Mchwa wa vichuguu vikubwa vya Katanga, Macrotermes, hawana vijidudu hivyo. Wanapeleka mti nyumbani na kuotesha juu yake kuvu wa Termitomyces, yule anayetupa uyoga wakati wa mvua. Kwa hiyo ukipuliza ubao unaua waliokuja kazini tu. Malkia na shamba lake wako chini ya udongo.

Hakikisha kwanza. Mende ana vipapasio virefu kama uzi, na ngao inafunika kichwa. Mchwa ana vipapasio vifupi kama shanga, mwili laini, na njia zake zimepakwa udongo. Vunja kipande cha njia hiyo, urudi baada ya siku mbili: ikizibwa, wako kazini. Kisha choma kila ubao kwa kisu chembamba. Kikizama bila nguvu, ubao huo usibebe mabati.

Zilizo nzima ziweke juu ya matofali, sentimita 30 kutoka chini, mbali na ukuta, uweze kuchungulia kila juma. Mafuta machafu ya injini siyashauri hata kidogo: mchwa hujenga njia ya udongo juu yake, nayo yanachafua visima. Mende watahama wenyewe mbao zikikauka. Kichuguu kikiwa karibu, kubomoa kilele hakusaidii, watakijenga upya. Chimba mpaka chumba kigumu cha udongo alimo malkia, umtoe.