"Amenilia njama" si "amenisaliti"

Dada, umeuliza kama "amenilia njama" inatosha kusema rafiki amekusaliti. Hapana. Hiyo umeitoa kwenye Kiganda, "okulyamu olukwe", ambayo neno kwa neno ni kula njama lakini kwao maana yake ni kusaliti; hapa Kampala tunateleza hapo kila siku. Kula njama ni watu kupanga jambo baya kwa siri, hata dhidi ya mtu wasiyemjua. Kusaliti kunataka uwe umeaminiwa kwanza. Steji yetu ya boda tulikubaliana nauli, mwenzetu mmoja akaenda kuwanong'oneza steji ya pili, wakashusha bei siku hiyohiyo. Huyo ni msaliti, sisi tumesalitiwa, na bado inaniuma. Ila usimwite haini: uhaini ni kosa dhidi ya nchi, la kupelekwa mahakamani.