Kichwa kilichofumuliwa Ijumaa hakiwekwi dawa Jumamosi

Mdogo wangu, usifanye hivyo. Umeandika kwamba Ijumaa jioni ukitoka kazini utafumua rasta zako nyumbani Kimara, utaosha kichwa, na Jumamosi alfajiri utapanda basi la mwendokasi kwenda Kariakoo kuweka dawa ya kunyoosha nywele na kuseti, ili jioni uwe ukumbini kwenye sendofu ya dada yako. Unauliza ni saluni ipi nzuri kati ya Kariakoo na Posta, bei zao zikoje, na ni mtindo gani utakaodumu hadi harusi ya wiki inayofuata. Nimesoma majibu yote yaliyotangulia. Watu wamekutajia mitaa na kukusifia wasusi wao, lakini hakuna hata mmoja aliyesimama kwenye hilo neno lako la kufumua Ijumaa. Mimi nilifumua Ijumaa, nikaweka dawa Jumamosi, na mpaka leo nina mahali kisogoni, pa ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, ambapo nywele hazijaota na daktari ameshaniambia hazitaota tena.

Tangu siku ile ninafuata kanuni moja tu, nami nakuomba uishike hata kama hutasoma mengine yote: kuanzia siku unayofumua hadi siku unayoweka dawa, zipite wiki 2 kamili. Sisemi siku 2 wala 3. Nasema wiki 2, sendofu iwepo au isiwepo.

Nikueleze yaliyonipata. Nilikuwa nimekaa na rasta karibu miezi 2, na kama wewe nilikuwa na shughuli ya familia Jumamosi usiku. Ijumaa nilikaa mbele ya runinga nikafumua kwa saa 4. Kila mwanamke aliyewahi kufumua anaujua ule mwasho unaokuja ngozi inapoachiliwa baada ya kubanwa muda mrefu: unakuna kwa kucha, unapitisha mkia wa kitana kwenye mistari, mba inadondoka mapajani, na kadiri unavyokuna ndivyo unavyotamani kuendelea. Nilipomaliza nikaosha kwa shampuu mara 2, nikisugua kwa nguvu ili niende saluni nikiwa safi. Nililala nikiamini kwamba nimejiandaa vizuri, kumbe nilikuwa nimeondoa mafuta yote ya asili yanayoikinga ngozi ya kichwa, na nimeiachia michubuko midogo ambayo hata kioo hakiwezi kukuonyesha.

Asubuhi nilishuka Gerezani saa 2, na kabla sijavuka barabara vijana walikuwa wameanza kunishika mkono, huyu akiita dawa, yule akiita kusuka. Niliwapita kwa sababu mwenzangu wa kazini alikuwa amenielekeza saluni yake, ghorofa ya kwanza, juu ya maduka ya vitenge. Mwenye saluni alinipokea kwa bashasha, akaniahidi kwamba atanihudumia kwa mikono yake mwenyewe, akaniketisha, kisha akaniachia binti anayejifunza kazi, naye akarudi kwa bibi harusi aliyekuwa kwenye kiti cha mbele. Wateja tulikuwa wengi, madreya yalikuwa 4, na sinki la kuoshea lilikuwa moja. Hilo la sinki moja sikulitilia maanani nilipoingia, na laiti ningelitilia.

Binti hakuniuliza nilifumua lini. Hakupasua nywele kuitazama ngozi. Hakunipaka mafuta ya mgando kuzunguka paji la uso, masikio na kisogo, jambo ambalo hata mama zetu waliokuwa wakiwekeana dawa uani hawakulisahau. Alichota dawa kwa kijiko kutoka kopo kubwa ambalo lebo yake ilikuwa imebanduka na kubaki alama za gundi, kisha akaanza kunipaka kutokea kisogoni, akishusha hadi kwenye ngozi kabisa, kama anayesiriba ukuta.

Mwanzoni nilisikia ubaridi. Baada ya dakika 5 hivi ukawa mwasho, na kabla ya dakika ya 10 kisogo kilikuwa kinawaka kama niliyemwagiwa uji wa moto. Nikasema kinaniunguza. Binti akamtazama mwenye saluni, na mwenye saluni, bila hata kugeuza shingo, akasema: "Vumilia, ndiyo inashika."

Naomba nikae kidogo kwenye maneno hayo, maana nimeyaona tena humu humu, kwenye jibu la tatu, mtu akikuhakikishia kwamba dawa isipochoma haijafanya kazi. Huo ni uongo, na umetoboa vichwa vya wanawake wengi. Unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna mshipa wa fahamu. Ndiyo maana unakatwa kwa mkasi nawe husikii lolote. Dawa ikishika unywele, hutasikia kitu. Kinachouma ni ngozi, na ngozi ikiuma ujue kwamba dawa imeshaanza kuila. Dawa nyingi za kunyoosha zina sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki soda, ile ile inayotengenezea sabuni na kuzibulia mabomba yaliyoziba. Kwenye kipimo cha pH kinachokwenda hadi 14, dawa hizi huwa 12 na zaidi, ilhali ngozi ya kichwa chako iko karibu na 5. Kazi yake ni kuvunja viungo vya ndani vinavyoupa unywele msokoto wake, na ikikuta ngozi yenye mchubuko haina namna ya kutofautisha. Inaingia.

Kuna watakaokwambia ununue ile isiyo na kostiki soda, inayochanganywa palepale kutoka makopo mawili. Ni kweli kwamba hiyo ni nafuu kidogo kwa ngozi, lakini nayo ni kali kiasi cha kuunguza, na mchubuko ni mchubuko. Wiki 2 zinaihusu hiyo pia.

Nirudi kitini. Niliposema kwa mara ya tatu kwamba siwezi tena, mwenye saluni alikubali nikaoshwe, lakini sinki lilikuwa na mtu, anaoshwa baada ya kupigwa stimu, yaani mvuke wa kulainisha nywele. Nikasimama nyuma yake nikijipepea kisogo kwa gazeti. Zamu yangu ilipofika, maji yalitoka kama uzi. Tangi la juu lilikuwa linaisha. Binti akateremka na ndoo. Nilikuwa nimeitazama saa ya ukutani nilipoanza kupakwa, na maji ya kwanza ya maana yalipogusa kichwa changu zilikuwa zimepita dakika 35, wakati dawa za aina hii kwa kawaida hazitakiwi kuzidi dakika 20 hata kwenye kichwa kizima kisicho na jeraha. Kisha nikaoshwa kwa shampuu ya kawaida kutoka dumu la lita 5. Baadaye nilijifunza kwamba baada ya dawa huoshwa kwa shampuu maalumu ya kuikata nguvu, na nyingi kati ya hizo hutoa povu la waridi wakati dawa bado imo kichwani, mpaka itoke yote ndipo povu liwe jeupe. Mimi sikuliona povu la waridi. Nilipelekwa moja kwa moja kwenye dreya na rola zangu, na nikiwa chini ya ule moto nikasikia kitu kinatiririka shingoni. Nilipopangusa, kidole kilitoka na majimaji ya njano. Mwenye saluni alikuja na tishu, akafuta, akaniambia ni mafuta ya nywele yanayeyuka. Nikalipa shilingi 25,000 na kushukuru.

Msije mkaniuliza kwa nini sikuinuka mapema nikajioshea mwenyewe. Nilikuwa nimezungukwa na wanawake 10 waliotulia vitini, bibi harusi anatabasamu kwenye kioo, na mwenye kazi yake ananiambia kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa. Tumelelewa tukiambiwa uzuri una gharama. Mtu mwingine yeyote kwenye kiti kile angevumilia, na wengi wanavumilia hata leo.

Jumapili nilishindwa kulalia kisogo. Jumatatu foronya ilikuwa imegandia kichwani, na nilipoivuta, gamba la kidonda lilitoka pamoja na nywele zake, shada zima, likiwa na ngozi chini yake. Daktari wa ngozi alinikagua akasema nimeungua kwa kemikali na kidonda kimeshaingia wadudu. Swali lake la kwanza, kabla hata ya kuniuliza ni dawa gani, lilikuwa: "Ulifumua lini?" Nilipomjibu, akaweka kalamu chini. Yeye ndiye aliyenipa kanuni ya wiki 2, akanieleza kwamba kichwa kilichotoka kwenye misuko kwanza kiponye michubuko yake na kirudishe mafuta yake, na kwamba hata baada ya hapo kisioshwe wala kukunwa siku chache kabla ya dawa. Akaniambia pia kwamba nilipoanza kuungua nilitakiwa kumwagiwa maji mengi ya baridi yanayotiririka, papo hapo, hata kwa kopo, na kwamba kupaka mafuta juu ya dawa ambayo haijaoshwa hakusaidii.

Nimetumia zaidi ya shilingi 180,000 kwa vidonge, dawa za kupaka na nauli, ukiacha siku nilizokosa kazini. Nilifunga kilemba miezi 14. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo unaweza kupiga hesabu mwenyewe ya kusubiri kisogo kifikie urefu wa utosi. Mwenzangu mmoja ofisini alinipongeza akidhani nimeokoka. Nilimshukuru, maana siku zile nilikuwa nasali kwelikweli.

Yule binti simlaumu sana. Aliwekwa kufanya kazi ambayo hakuna aliyemfundisha. Uchungu wangu uko kwa mwenye saluni, ambaye nilimrudia na karatasi ya daktari mkononi, nikiwa nataka tu akiri ili asimfanyie mwingine, naye akanijibu mbele ya wateja kwamba ngozi yangu ni laini mno na kwamba ningesema mapema. Nilisema mara 3. Alisikia mara 3. Mtu anayeshika dawa kali na vichwa vya watu kila siku kwa miaka mingi hawezi kudai kwamba hajui maana ya mteja kulia, na akidai hivyo basi hafai kushika hata kitana. Nina uchungu pia na sisi wateja tunaorithishana neno hilo la "vumilia" kama wosia wa bibi. Huyo mwenzangu aliyenielekeza pale aliwahi kuungua masikio yote mawili, na hakuona haja ya kuniambia, kwa sababu aliona ni kawaida.

Uliuliza saluni ipi ni nzuri. Mimi sitakutajia jina la mtaa. Piga simu au ingia, kaa kitini, waambie unataka dawa, kisha nyamaza usikilize. Msusi anayejua kazi atakuuliza ulifumua lini, atapasua nywele zako sehemu 4 na kuitazama ngozi kwa macho yake, na ukimwambia "jana" atakukatalia hata kama umeshatoa pesa. Yupo mmoja wa namna hiyo ninayekwenda kwake siku hizi, mama mtu mzima mwenye viti 2 tu. Mara ya kwanza nilipokwenda kwake nilikuwa nimefumua siku 9 zilizopita, akanirudisha nyumbani. Nilipanda daladala nikiwa na nywele zilizotimka, na nilifurahi kuliko siku niliyotoka kwa yule mwingine nikiwa nimeseti.

Kwa Jumamosi hii, kama rasta zako bado zinatazamika, zisafishe mistari kwa kitambaa chenye maji, zibane juu, uvae hereni kubwa uende ukumbini. Kama ni lazima ufumue, fumua, lakini ukaoshwe taratibu, uchanwe, useti kwa rola au uvae wigi. Dawa isiguse kichwa hicho Jumamosi, wala wiki inayofuata kwa ajili ya harusi, maana hapo zitakuwa zimepita siku 8 tu na bado hujafika.

Na kama unasoma hapa ukiwa umeshaanza kufumua, weka mkia wa kitana chini, usikune, kisha uandike hapa usiku huu huu umefika mistari mingapi na kama kuna mahali panapokuchonyota ukipapasa. Nitakuwa macho.