Papa potwe wa Mafia: anakula nini, na huenda wapi kaskazi ikiisha

Ndugu uliyeuliza kama potwe anaweza kummeza mtu, na huenda wapi kaskazi, yaani msimu wa upepo wa kaskazini, ikiisha, nitakujibu kwa niliyoyaona katika misimu sita ya kupeleka wageni baharini kutoka Kilindoni, kisiwani Mafia, Tanzania.

Kwanza, potwe si nyangumi. Tazama mkia: wa nyangumi umelala, wa potwe umesimama wima. Huyu ni papa, anapumua kwa matamvua, na ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Wapo wanaopita meta 12, ingawa wengi tunaowaona Mafia ni madume machanga yasiyofika meta 9.

Mdomo wake hupita meta moja kwa upana, lakini maelfu ya meno yaliyomo ni madogo kama vichwa vya njiti za kiberiti, wala hayatafuni kitu, na koo lake ni jembamba, kwa hiyo hawezi kummeza mtu. Chakula anachokifuata kwetu ni uduvi. Asubuhi moja tulizima mashine penye uduvi wengi, na potwe mmoja akasimama wima kando ya mashua, mkia chini na mdomo juu, akifumbua na kufumba, maji yakiingia kwa sauti ya ndoo inayozama kisimani, kisha yakatokea kwenye matamvua huku uduvi wakibaki ndani. Alikula hivyo karibu robo saa bila kutujali. Ninachowaonya wageni ni mkia tu, maana ukikupiga utaumia.

Kuhusu kuondoka, hata sisi tulidhani wanahama. Watafiti waliwafunga vifaa vinavyotoa mlio chini ya maji, wakakuta kwamba wengi hubaki Mafia mwaka mzima, ila nje ya msimu husogea mbali na ufuko na kwenda chini zaidi, macho yetu yasikofika. Kila mmoja hutambulika kwa madoa yaliyo nyuma ya matamvua, ambayo kompyuta huyalinganisha kwa hesabu zilizobuniwa awali kwa ajili ya picha za nyota. Mimi sina kompyuta, lakini yupo mmoja mwenye pezi la mgongo lililokatika ncha, nami nimekutana naye misimu minne.

Wavuvi wa dagaa nao humfuata potwe, kwa kuwa alipo yeye mara nyingi na dagaa wapo, na ndiyo sababu wakati mwingine huzungushiwa wavu pamoja nao. Usiku mmoja nilikuwamo chomboni alipozungushiwa yule mwenye pezi bovu. Alitulia ndani ya wavu, hakurusha hata mkia. Nahodha akaamuru tuzamishe maboya ya upande mmoja, naye potwe akapita juu yake taratibu, akashuka gizani.