Ushauri kwa mnaotaka kueleza watu sheria kwa lugha ya mtaani

Wiki ilopita kijana mmoja wa Gongoni, anasomea sheria chuo kikuu, kaniandikia meseji ndefu: "Dada, voisi zako za kueleza sheria zinafika mpaka kwa grupu la mamangu, na mi nataka kuwaeleza watu wetu sheria, nianzie wapi?" Nimeona nimjibu hapa manake najua mko wengi, kila nikikutana na vijana wa hapa Malindi waliosoma kidogo hamu yao ni hiyo hiyo, na mi sina siri ya kuficha.

Mi si wakili. Nilikuwa karani kwa ofisi ya wakili, napiga taipu, napeleka faili koti, yaani mahakamani, nawaambia watu "wakili hayupo, njoo kesho". Mtu anatoka Marafa na gari la alfajiri, karatasi kaikunja ndani ya leso, anaingia kwa wakili kidogo tu, anatoka, halafu ananijia mimi wa mezani na sauti ya chini: "Mwanangu, amesemaje?" Na wakili alikuwa ameeleza kila kitu, na vifungu vyake! Lakini alichotaka mzee wa watu ni kujua kama kuna siku amewekewa, aende mlango gani, na asipokwenda itakuwaje. Mengine yote yalimpita juu ya kichwa. Hiyo ndio shule yangu, cheti sikupewa.

Kwa hivo ushauri wa kwanza, na kwa kweli ndio wa pili na wa tatu pia: anza na siku na mlango. Kifungu kitakuja baadaye akikuuliza, na mara nyingi hakuulizi.

Chukua barua ya wakili ya kudai deni. Imeandikwa "ndani ya siku saba", basi mtu hapati usingizi, anajua siku ya nane polisi wako mlangoni. Mwambie hiyo ni barua, haijatoka koti, hakuna anayekufunga kwa barua, lakini usiitupe, ijibu, kama deni ni la kweli anza kuzungumza na mwenyewe mkubaliane kulipa kidogo kidogo. Ikija samansi, yaani wito wa koti wenye muhuri wake, hapo mambo ni mengine, kuna siku zimeandikwa mle ndani za kujibu, ukinyamaza koti inaweza kukuhukumu bila ya wewe kuweko. Basi, umemaliza, mzee ameelewa na chai haijapoa.

Sasa niwape ile ya kujivunia, mtanisamehe. Nilirekodi voisi moja niliyoiita "Ijumaa jioni". Kila mtu siku hizi anaimba "masaa 24, masaa 24", na ni kweli kifungu cha 49 cha katiba ya Kenya ya 2010 kinasema aliyekamatwa apelekwe mbele ya koti mapema iwezekanavyo, isipite masaa 24. Lakini wanaoimba hawamalizii mstari: hayo masaa yakiishia wakati koti imefungwa, anapelekwa siku ya koti inayofuata. Kijana akishikwa Ijumaa magharibi, masaa 24 yanaisha Jumamosi magharibi, koti imefungwa, basi ni Jumatatu, na Jumatatu ikiwa sikukuu ni Jumanne. Sa wewe umemwambia mama wa watu "mwanao lazima atoke Jumamosi", anakwenda kituoni anapiga kelele, anachekwa, anarudi nyumbani akijua sheria ni uongo na wewe ni muongo.

Mimi kwenye voisi nilisema usiende Jumamosi kugombana na saa. Uliza ameshikwa kwa kosa gani, manake anatakiwa aambiwe mapema na kwa lugha anayoifahamu, kisha uliza dhamana ya polisi. Bondi, ile ahadi ya kuhudhuria, ni ya kutia saini, hailipiwi. Ukiambiwa uweke pesa taslimu, taka risiti, manake pesa hiyo ya dhamana ni ya kurudishwa kesi ikiisha na mtu wako alikuwa anahudhuria. Pesa isiyo na risiti wewe mwenyewe unajua jina lake.

Haya, mama mmoja wa Maweni, mtoto wake wa bodaboda kashikwa Ijumaa, kituo sikitaji. Kaambiwa alete elfu kumi "yaishe". Mama kakaa kwenye benchi, kauliza kosa, kauliza bondi, halafu kauliza kwa adabu kabisa, "na hiyo elfu kumi, mwanangu, risiti mnaandika nyinyi ama naandika mimi?" Wallahi! Hilo la mwisho sikumfundisha mimi, ni lake. Jumamosi mchana kijana alitoka kwa saini ya mjomba wake, bila senti. Kanipigia simu analia na kucheka, nami nikalia, na ndio nasema hakuna cheo kitakachonipa raha kama ile.

Lakini si kila siku ni ya vigelegele, na hapa wengi wenu ndipo mtakapoachia njiani. Kuna baraza moja nilialikwa kuzungumza mambo ya ardhi, na nyinyi wa pwani mnajua ardhi kwetu ni kidonda. Watu wote mle walikuwa na imani moja: nikikaa miaka 12 kwa shamba la mtu, shamba ni langu. Nikawaambia ukweli wote. Miaka 12 ipo kwenye sheria, lakini haikupi hati ukiwa umelala, lazima uende koti ya mazingira na ardhi uombe na uthibitishe. Ardhi ya serikali haimo kabisa, hata ukae miaka hamsini. Na lazima uwe umekaa bila ruhusa ya mwenyewe, waziwazi, mfululizo. Sasa wewe unayelipa ijara kila mwezi, nyumba yako na ardhi ya mwengine, kama walivyo wengi hapa mjini, ile ijara ndiyo ruhusa yenyewe, miaka haihesabiki. Mlinzi aliyewekwa na tajiri alinde kiwanja, vile vile.

Baraza lilichafuka. Mzee mmoja alisimama akasema nimelipwa na mabwanyenye, mwengine akasema mtoto wa kike atatufundisha nini, na wakili mmoja aliyekuwa amekaa mbele, aliyejua fika kuwa nasema kweli, akatabasamu akanyamaza. Yale matusi ya wazee nishayasahau, ni uchungu wa ardhi ule. Lile tabasamu bado. Huyo huyo ndiye aliyesema baadaye kwamba watu kama mimi tunashusha hadhi ya taaluma. Hadhi gani, bwana, inayoshuka mtu akielewa?

Kwa hivo nawaambia, mkitaka kupendwa kaimbeni taarab. Ukieleza sheria utamwambia mtu asichotaka kusikia, na umwambie hivo hivo, kwa upole lakini chote. Wale mnaowaambia watu nusu ili mpate wafuasi mnawaharibia, mtu anauza mbuzi zake afungue kesi isiyoanza. Mungu anawaona.

Na mipaka mjue. Sheria ya msaada wa kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ingia kwa mlango huo, kafunzwe, usijivike joho. Kumwandikia mtu hati za uhamisho wa shamba kwa malipo na wewe si wakili ni kosa, hata kama umetaipu elfu moja kama mimi. Mzee mmoja aliwahi kuniletea samaki changu wawili kwa kumsomea samansi yake, nikawapokea, niseme kweli, lakini pesa sichukui.

Mambo ya mirathi nenda nayo polepole zaidi. Huku kwetu familia moja utamkuta Mwislamu, Mkristo na babu aliyekufa na dini ya Kigiriama, na kila mtu anakimbilia kusema "nendeni kwa kadhi". Kadhi anasikiza ndoa, talaka, mirathi, ikiwa wote walioko kwenye kesi ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Kwa hivo kabla hujamtuma mtu popote muulize marehemu alikuwa dini gani, warithi ni kina nani na dini zao, na kama kuna mmoja anakataa. Akianza kukuhesabia mama wa kambo na watoto wa nje, weka simu chini, chukua karatasi, uchore ukoo wote kwanza.