Usipige stata kwanza

Umeuliza kama betri mpya inatosha kuwasha gari lako, Datsun 240Z iliyolala miaka tisa. Hapana, betri peke yake haitoshi, na tafadhali usiguse stata (mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake) kabla hujatoa plagi zote sita ukamwaga oili kidogo kila silinda, iache ilale usiku kucha, asubuhi zungusha injini kwa mkono na spana kwenye bolti ya puli ya mbele, maana ringi za pistoni zinaweza kuwa zimeshika kutu na ukilazimisha na stata unakwangua silinda. Ikigoma usiilazimishe, ongeza oili usubiri siku nyingine.

Petroli ya zamani mwaga yote, ikikaa inaganda kama gundi na zile kabureta mbili zitaziba, mi nilifungua za kwangu nikakuta ugoro wa kahawia tupu. Badili na oili ya injini na filta. Tayming (mpangilio wa valvu kufunguka na kufunga) usihofu sana, hiyo injini inatumia cheni, sio mkanda wa mpira unaochakaa kwa kukaa.

Ila hata ikiwaka usiitoe getini kabla ya kubadili maji ya breki na kukagua silinda za magurudumu ya nyuma, maji ya breki yanavuta unyevu na humo ndani kutu ni kawaida.