Sheria za Newton: kabla hujashika fomula, jiulize fosi inatoka kwa nani

Nafundisha tuisheni ya fizikia huku Mbagala, wengi wanaokuja ni kidato cha pili na cha tatu, na sheria tatu za Newton wanazo zote kichwani neno kwa neno. Shida inaanza ukimpa swali la gari linalofunga breki, hapohapo anaandika F = ma (fosi ni masi, yani kilo za kitu, mara mchapuko, yani spidi inavyobadilika kila sekunde) na kuchomeka namba yoyote aliyoiona kwenye swali. Ushauri wangu kwenu wadogo zangu, na wazazi mnaokaa nao jioni kwenye homework, ni mmoja: usianze na fomula, chora kile kitu kikiwa peke yake, weka mishale ya fosi zinazokigusa au kukivuta, na kila mshale utaje unatoka kwa nani. Ukikosa wa kumtaja, futa huo mshale.

Chukua daladala. Umesimama, umeshika bomba, dereva anakanyaga breki ghafla pale Mtoni kwa Azizi Ally na wote mnaenda mbele. Nikiwaambia wachore huyo abiria, karibu wote wanaweka mshale mkubwa wa kwenda mbele. Nauliza nani kamsukuma, wanasema breki. Sasa breki imeshika tairi, haijamgusa abiria! Mwili wake ulikuwa unakwenda na gari na unaendelea vilevile, ndo sheria ya kwanza hiyo, sakafu inaivuta miguu nyuma kwa msuguano, bomba linavuta mkono, lakini kiwiliwili bado kiko kwenye spidi ya mwanzo. Yani mishale ya kulalia ni ya kurudi nyuma tu, wa mbele haupo kabisa. Hapa msiwagombeze watoto, maana imani kwamba kitu kinachokwenda lazima kiwe na fosi ya kukipeleka alikuwa nayo hata Aristotle, watu wakakaa nayo karne na karne mpaka Galileo alipoviringisha mipira kwenye mteremko akaanza kuitilia shaka, na Newton akachapisha sheria zake 1687.

Sheria ya pili nawapeleka Kariakoo. Mkokoteni na mzigo wake tuseme kilo 200, jamaa anausukuma kwa newtoni 300 (newtoni ndo kipimo cha fosi), msuguano unarudisha nyuma newtoni 200. Mwenye haraka anachukua 300 anagawa kwa 200 anapata 1.5, maksi zimeenda. Aliyechora anaona mishale miwili inapingana, inabaki 100, akigawa kwa 200 anapata 0.5, yani kila sekunde spidi inaongezeka nusu mita kwa sekunde. Afu hapo naongeza swali ninalolipenda sana, mkokoteni ukishashika mwendo na jamaa anataka spidi ibaki palepale, asukume kwa ngapi? Wengine wanasema sifuri, wengine 300. Ni 200, ili mishale ilingane na jumla iwe sifuri.

Na kwa sababu wengi mnapanda bodaboda, fanyeni na hesabu hii: kama breki inapunguza spidi mita 5 kwa sekunde kila sekunde, ukiwa kwenye kilomita 36 kwa saa unahitaji mita 10 kusimama, ukiwa kwenye 72 unahitaji mita 40. Spidi mara mbili, umbali mara nne, na hapo sijaweka zile mita zinazopita kabla dereva hajagusa breki.

Sheria ya tatu, ile ya kwamba ukikisukuma kitu (aksheni) nacho kinakusukuma kwa fosi ileile (riaksheni), ndo inayowachanganya kuliko zote. Embe limekaa mezani, uzito unavuta chini, meza inasukuma juu, zinalingana, vijana wanaandika hiyo ndo aksheni na riaksheni. Hapana! Hizo mbili zote ziko kwenye embe, na fosi za sheria ya tatu siku zote ziko kwenye vitu viwili tofauti. Dunia inalivuta embe, basi embe nalo linaivuta dunia. Embe linaikandamiza meza, meza inalisukuma embe. Kwa hiyo ukichora kitu kimoja peke yake, aksheni na riaksheni yake haziwezi kukutana kwenye mchoro huo, na ndo maana hazifutani.

Masi na uzito msivichanganye pia, masi ni kilo, uzito ni fosi ya dunia kukivuta kitu: mtu wa kilo 50 uzito wake ni newtoni 500 kama swali limesema mvutano wa dunia utumie 10 kwa kila kilo, likisema 9.8 ni 490, soma swali.

Mazoezi anza na lifti. Mtu huyohuyo wa kilo 50 yuko kwenye lifti inayoanza kupanda, spidi inaongezeka mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Mshale wa sakafu kwenda juu lazima uuzidi ule wa uzito kwa newtoni 100 (50 mara 2), kwa hiyo ukitumia 10, uzito ni 500 na sakafu inamsukuma kwa 600. Sasa fanya mwenyewe lifti ikianza kushuka, namba zilezile. Jibu ni 400, ukipata tena 600 rudi kwenye mchoro uangalie mshale gani umeufanya mrefu.